Mfupa wa Mama Mwenye Nyumba

Ka! Hivyo ndivyo ulivyolia. Mlio mkavu, mfupi, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba ile ya Masumbwe nilitoka uani kabla jua halijachomoza, nikamtafuta aliyekuwa akivunja kuni nikamsaidie, maana mpangaji mgeni lazima ajipendekeze kidogo. Nikamkuta mama mwenye nyumba peke yake, amesimama kando ya kigoda chake, hana kuni wala kijiti. Aliniona ninavyoangaza macho huku na huku, akauliza nimepoteza nini. Nikasema nimesikia kuni zikivunjwa. Akaketi tena, akainuka taratibu. Ka!

"Kuni zenyewe ndizo hizi," akasema, akijipiga nyonga. "Haya, washa moto basi."

Yeye alicheka. Mimi nilishindwa. Nilikuwa sijawahi kusikia mfupa wa mtu mzima, tena mwenye afya zake, ukilia kama kitu kilichokauka. Nilikwenda kuchota maji huku nywele zimenisimama.

Hakuna mpangaji aliyemwita kwa jina. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na yeye hakuwa na mtoto wa kuitiwa, basi akaitiwa nyumba. Ilikuwa nyumba ya tofali mbichi yenye bati, vyumba vyote vikitazama ua mmoja, na katikati ya ua kigoda chake. Aliketi hapo kama karani wa zamu, akijua nani ameoga, nani hajalipia maji, nani jana alirudi na harufu ya pombe. Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka, na mwendo wake ulikuwa wa kuyumba, upande huu, upande ule, kama bata mwenye haraka. Watoto wa mtaani walimwiga. Naye alikuwa akiwaiga wanavyomwiga, tena vizuri kuliko wao, mpaka wakaona aibu wakaacha.

Mdomo wake ulikuwa na ukali wa pekee. Alikutukana huku anakumiminia uji, na tusi likiwa refu ujue kikombe kitajaa. Nilipofika pale ndiyo kwanza nimeolewa, nimekonda, na ugali wa porini siujui. Akaniambia nina shingo kama ya mbuni na kwamba mume wangu ameokota mti wa kuanikia nguo. Halafu akanisukumia bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, amevichemsha na karanga. Nilikula nikalia. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu kule Didia, na mama mwenye nyumba akasema machozi hayo yatatia maji mchuzi.

Miaka ile maduka yalikuwa rafu tupu. Sabuni ya kipande ilipokelewa kama mgeni, sukari ilikuwa ya kuandikishwa katika duka la kijiji, na kanga mpya ukiiona ujue kuna mtu ana ndugu mpakani. Kila alipokwenda kuandikisha watu wa nyumbani kwake ili apate sukari, mama mwenye nyumba alituongeza. Kuku wake mwenye kishungi aliwahi kuandikishwa kuwa mtoto wa shule. Alilisimulia jambo hilo waziwazi, bila haya, akimwiga muuzaji alivyoandika. Lakini kulikuwa na mpangaji mmoja aliyesema uani kwamba jirani yake ameiba sufuria, na baadaye sufuria ikaonekana chini ya kitanda cha huyo huyo msemaji. Mama mwenye nyumba alimtolea vyombo vyake nje siku ile ile, mvua ikinyesha. Nilimwuliza mbona yeye mwenyewe ni mwongo wa sukari. Akasema, "Sukari haina mama wa kuilia. Mtu anaye."

Nilidhani ni maneno yake tu ya kawaida. Alikuwa nayo mengi.

Kila kiangazi alijaza michembe kwenye magunia, akadandia lori, akaenda kuiuza kwenye machimbo ya dhahabu huko upande wa Geita, ambako vijana walikuwa wakichimba kienyeji porini. Wanawake wengine waliofanya biashara hiyo walirudi na kitenge, na redio, na wengine na mume. Yeye alirudi na magunia matupu na uso umefunga, akakaa siku nzima bila kumtukana mtu. Majirani walisema ameshikwa na ugonjwa wa dhahabu, kwamba anatafuta jiwe moja litakalomtajirisha. Hakuwakanusha. Ila mchimbaji yeyote aliyepita pale hakuondoka bila kuulizwa swali moja: je, huko mlikotoka hamjamwona mtu mrefu, mweusi sana, mwenye pengo hapa mbele? Hata mume wangu aliulizwa, siku ya kwanza tu ya kulipa kodi. Akajibu kuwa wenye mapengo porini ni wengi, mchele wa kule una mawe. Mama mwenye nyumba hakucheka, na hilo lilinishangaza, kwa kuwa utani ulikuwa mzuri.

Mume wangu nilikutana naye kwenye mnada wa Tinde. Mimi nauza karanga, yeye hana hela ya karanga ila ana maneno. Alikuwa mtu wa huko huko Masumbwe, mama yake alikwisha fariki, amelelewa na shangazi yake aliyekaa kijiji cha pili. Alinipangia chumba, akaenda zake machimboni, akawa anarudi kila baada ya miezi, vumbi masikioni, anakaa kidogo anaondoka. Sikulalamika. Nilikuwa na mambo yangu ya kuwaza. Nilimaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kuendelea, lakini kichwani mwangu nilikuwa tayari nina nyumba ya ghorofa. Niliwahi kuiona moja Shinyanga mjini, ya mfanyabiashara Mhindi. Chini duka la vitambaa, juu mkewe anaanika sari kwenye roshani na kuwatazama watu wanaopita. Nikasema na mimi nitasimama juu vile. Nilimwahidi mama mwenye nyumba chumba cha ghorofani, chenye dirisha la kioo. Akauliza atafikaje huko. Nikasema kwa ngazi.

"Na nyonga hizi?" akacheka mpaka akakohoa. "Itabidi univute kwa kamba kama ndoo ya kisimani."

Basi mimba ikaja, na ilipofika mwezi wa sita ngazi zikaanza kunitisha hata mimi.

Maumivu yalianza mbele, kwenye ule mfupa wa kinena, kama mtu ameweka kabari hapo na anaigonga polepole. Mwanzoni nilifikiri nimebeba ndoo vibaya. Yakazidi. Kuinua mguu mmoja nivae sketi ikawa kazi ya kushika ukuta. Kuvuka kizingiti cha choo, hivi hivi tu, kizingiti cha udongo, nilikuwa nasimama na kujipa moyo kwanza. Yalishuka kwenye mapaja kwa ndani, yakazunguka mpaka nyuma ya kiuno. Kibaya kuliko vyote kilikuwa kujigeuza kitandani. Nililala upande mmoja mpaka sikio linakufa ganzi kwa kuogopa tu kugeukia upande wa pili. Na nilikuwa na aibu. Wenzangu walio na mimba kubwa kuliko yangu walikuwa wakitwanga na kuimba.

Asubuhi moja nikajikaza nikageuka. Ka!

Nilibaki nimetoa macho. Mlio huo niliuzoea kutoka uani, lakini safari hii ulitoka ndani yangu. Kabla sijapata hata pumzi nikasikia kigoda kimesogezwa, mlango wangu umesukumwa bila hodi, na mama mwenye nyumba amesimama hapo, uso umempauka.

"Umeanza lini?" akauliza.

Sijawahi kumwona na uso ule. Yeye aliyekuwa akitania kila kitu hakutania chochote. Alinivisha mwenyewe, akanichukua mpaka zahanati, mimi nayumba, yeye anayumba, na watoto njiani hawakujua wamwige nani. Muuguzi alikuwa mama mpole. Alinipima, akamsikiliza mtoto, akasema mtoto mzima kabisa. Maungio ya nyonga yamelegea kuliko kawaida, akasema, huwatokea baadhi ya wanawake, nisibebe mizigo, nipumzike, na nikishajifungua yatapungua. Akanionyesha namna ya kujifunga kitambaa. Tulipotoka, mama mwenye nyumba akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Akasema angalau huyu hakuuliza habari za wanaume. Sikumwelewa, na sikuuliza.

Kuanzia hapo akawa mwalimu wangu, na alikuwa mwalimu wa kutisha. Alinifunga kanga yake mwenyewe, si tumboni, hapana, chini ya tumbo, pale mifupa ya nyonga inapochomoza, akaikaza mpaka nikahisi nimerudishiwa miguu yangu. Alikuwa akiniamrisha kutoka uani, ua mzima ukisikia. Keti ndipo uvae. Geuka kama gogo, magoti yakienda na mabega yaende. Kaza magoti, wewe si mlango wa soko. Hatua ndogo, tembea kama mwizi wa mayai. Alinishonea mto wa vitambaa vya zamani nikaweka katikati ya magoti, na usiku wa kwanza nilipoulalia nililala mpaka jua likanikuta. Akawaonya wapangaji wote wasinione nimeshika ndoo. Alinichotea maji yeye, kwa nyonga zile zile, na nilipomwambia atajiumiza alinijibu kwamba zake zilikwisha haribika, hazina cha kuogopa.

Ninavyoandika haya natabasamu, maana zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa na maumivu, ndiyo, lakini nilikuwa natunzwa. Sikujua kwamba habari zimevuka bonde na kumfikia shangazi wa mume wangu.

Huko, enzi zile, kulikuwa na wazee walioamini kwamba mja mzito akishikwa nyonga kiasi cha kushindwa kutembea, ameficha mwanamume. Mifupa inagombana kwa sababu damu mbili zimekutana ndani. Dawa yake ilikuwa moja: amtaje. Akimtaja, mtajwa analipa mbuzi au ng'ombe, mwanamke anaogeshwa maji ya majani, mifupa inapatana, anazaa salama. Asipomtaja, walisema, anakufa na mtoto tumboni. Mimi nilikulia Didia na nilikuwa sijalisikia jambo hilo likisemwa wazi, labda kwa sababu nilikuwa bado msichana.

Shangazi alikuja mchana, amebeba unga na jogoo. Alikuja kuniokoa, na hilo lazima niliseme. Hakuwa mtu mbaya. Alinishika mkono, akaniuliza usingizi, akaniuliza chakula, akaketi nami mkekani uani huku mama mwenye nyumba akichambua mchele pembeni. Mume wangu alikuwa machimboni, na shangazi akasema afadhali, mambo haya ni ya wanawake. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, mtaje tu. Hakuna atakayekupiga. Mimi ndiye nitakayesema na mume wako."

Nilimwuliza nimtaje nani. Akasema mimi ndiye ninayejua. Nikasema hakuna. Akanisikitikia, macho yakamjaa machozi kabisa, akasema kila mmoja huanza hivyo hivyo, hata aliyekuwa binti wa dada yake alianza hivyo, wakamzika na mtoto wake. Nikaapa kwa mama yangu. Akaniambia nisimtie mama yangu. Aliendelea kunibembeleza hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatuhama, jua likaanza kunichoma, na nilipotaka kusogea ule mfupa ukanikata nikalia kwa sauti. Shangazi akasema, umeona, mwanangu, umeona?

Na hapo ndipo nikaanza kufikiri. Sijui kama aliyewahi kuumwa hivyo atanishangaa. Nilifikiri, kwani nikitaja nitapungukiwa nini, wataniacha nilale. Na nitamtaja mtu aliye mbali. Kulikuwa na muuza mkaa aliyekuwa akipita kwetu, akahamia Mwanza, hana ndugu pale. Nani atamfuata Mwanza? Nilifungua mdomo.

Ungo wa mchele ukaanguka chini. Mama mwenye nyumba alikuwa akinitazama usoni, na nadhani aliliona jina linavyopanda.

"Dada," akamwambia shangazi, "mwache huyo. Niulize mimi. Mimi nilitaja."

Shangazi akageuka. Wapangaji waliokuwa milangoni wakasogea. Mama mwenye nyumba hakushusha sauti hata kidogo, alisema kama anavyosema habari za maji. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, nyonga zikamshika hivi hivi, akawa anatambaa. Mume wake akaitwa, wazee wakaitwa, wakamketisha nje ataje. Alikataa mpaka nguvu zikamwisha. Kisha akamtaja shemeji yake, mdogo wa mumewe, kwa sababu tu hakuwapo. Alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye kinu cha pamba, na yeye akaona mtu aliye mbali hataumia.

"Alikuwa amenifanyia nini yule? Hakunifanyia kitu. Alikuwa akinichotea maji, basi."

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mama mwenye nyumba akaendelea. Shemeji alirudi mwisho wa msimu, amevaa shati jipya, amemletea mama yake jembe la dukani. Hajui lolote. Akawakuta wamekaa wanamsubiri. Walimpiga mbele ya mama yake mpaka jino likatoka. Alipomnyooshea mama yake lile jembe, mama akakataa kulipokea. Akaliacha chini, akaondoka vile vile na damu mdomoni, na kilichosikika baadaye ni kwamba ameonekana machimboni.

Nilikumbuka magunia ya michembe, na lile swali la mtu mwenye pengo, nikahisi kama ardhi imesogea chini ya mkeka.

Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba, "Lakini ulipotaja, mfupa si ulipona?"

Mama mwenye nyumba akaweka mkono kwenye goti, akainuka mbele yake. Ka!

"Sikiliza mwenyewe," akasema.

"Na mtoto?"

"Alizaliwa, akalia kidogo, akafa. Wakasema bado kuna wa pili niliyemficha. Wakataka nitaje tena."

Shangazi alijifunga kanga yake kiunoni, akasimama. Hakuaga. Alimwacha jogoo pale pale amefungwa miguu. Kwangu mimi jambo liliishia hapo. Hakurudi tena kuniuliza, na mume wangu aliporudi hakuna aliyemtilia neno la sumu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimulia. Akasema, "Ndiyo maana aliniuliza lile pengo." Na akaona haya kwa ule utani wake wa mchele.

Lakini kwa mama mwenye nyumba halikuishia hapo. Kabla ya juma kwisha mji mzima ulikuwa unajua. Walioamini desturi ile walimchukia kwa kuitukana, na wasioiamini walimchukia kwa alichomfanyia yule mtu. Wapangaji wawili walihama. Sokoni alitandika michembe yake, watu wakapita wakaenda kununua kwa mwingine mwenye michembe yenye kuvu. Na mimi? Nitasema kweli, nilimwogopa. Mkono ulionifunga kanga ulikuwa ndio mkono uliomnyooshea kidole mtu asiye na kosa. Siku chache nilikuwa nikipokea uji wake bila kumtazama. Yeye aliliona, hakulalamika, ila tusi liliongezeka urefu na kikombe kikajaa zaidi. Nikamsamehe kitu ambacho si mimi niliyepaswa kukisamehe, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilimpenda.

Sikuwahi kumsikia akijitetea. Hakusema alikuwa mdogo, hakusema alilazimishwa. Mpangaji mmoja aliyebaki alijaribu kumsemea hivyo, kwamba jamani alikuwa msichana tu, ana uchungu. Alimkatiza. Alisema uchungu ulikuwa wake na jino lilikuwa la mwenzake. Na bado, siku hiyo hiyo, alikwenda duka la kijiji akaongeza jina la mtoto wangu kwenye orodha ya sukari kabla mtoto hajazaliwa, akamwandikisha kuwa wa darasa la nne.

Nilijifungua salama zahanati, mtoto wa kike, muuguzi yule yule akinishika magoti. Mama mwenye nyumba alisubiri nje ukutani. Alipoonyeshwa mtoto alimtazama muda mrefu, akasema ana shingo ya mbuni. Baada ya wiki kadhaa maumivu yakaanza kuniacha kidogo kidogo, na siku nilipovaa sketi nimesimama, bila kushika ukuta, tulipiga kelele sisi wawili mpaka kuku wakaruka. Kiangazi kilipofika akajaza magunia yake, akadandia lori. Nasi mwaka huo tukahamia Tinde, mume wangu amechoka na mashimo, tukaanza kuuza chai barabarani.

Ilipita miaka sijamwona. Nilirudi Masumbwe kwa msiba wa shangazi, na tulipokwisha mzika nikaomba ruhusa, nikaenda kwenye ile nyumba. Ua ulikuwa na majani. Kigoda hakikuwapo nje. Nilimkuta ndani mkekani, amekuwa mdogo, kama mtu aliyefuliwa akarudi ndani ya nguo zake. Nikampigia magoti, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akauliza mbona nimenenepa, nani kanilisha. Nikamwambia ghorofa bado. Akasema afadhali, maana sasa hata kamba haitamwezesha.

Alikuwa hainuki tena. Mpangaji mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyekuwa akimgeuza. Kama gogo, mama mwenye nyumba akaniambia, nimemfundisha. Kisha akasema, bila mimi kumwuliza:

"Ng'wanawane, mwanangu, nilimpata."

Alimpata kwenye machimbo ya mbali, mtu mzima, mvi zimejaa, ameketi juani anaponda mawe kwa nyundo pamoja na wanawake. Akalijua pengo kabla ya kuijua sura. Akaketi mbele yake akajitambulisha, akasema nilikusingizia, hukunifanyia kitu. Yule mtu hakuacha kuponda. Hakukasirika wala hakulia. Aliponda jiwe lake mpaka likawa unga, ndipo akajibu.

"Aliniambia, 'Kuniambia mimi kunanisaidia nini? Mimi nilikuwa najua. Kaseme pale pale uliposema.'"

Alirudi ili akaseme. Lakini ile kaya ya wakwe zake haikuwapo tena. Watu walikuwa wamehamishwa siku nyingi, wakati wa kuingia vijijini, wametawanyika huku na huko. Mama wa yule mtu alikwisha kufa, mumewe alikwisha kufa, wazee wote waliokaa siku ile wamekufa. Pamebaki ua wa minyara tu, ile miti ya maziwa wanayozungushia kaya. Na aliposema aende hivyo hivyo, mguu ukakataa njiani. Kiangazi kilichofuata ukakataa kabisa.

"Halafu nikajiuliza, nitamwambia nani? Minyara?"

Alijaribu kucheka. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka, na hakuyatolea utani. Niliuliza pale mahali ni wapi. Akanielekeza, si mbali, nusu ya asubuhi kwa miguu. Nikamwuliza yule mtu anaitwa nani. Alinitazama muda mrefu kama alivyomtazama mwanangu siku ile. Kisha akalitaja, lake na la baba yake, polepole, akinisubiri nilishike.

Kesho yake, kabla ya lori la Kahama, nilimwachia wifi yangu mtoto nikaenda peke yangu. Minyara ilikuwa imerefuka kuliko paa, imekaribia kuziba lango, nikapita kwa ubavu. Ndani palikuwa na duara la msingi wa nyumba, mawe matatu ya ghala, na mavi ya mbuzi. Nilihisi aibu kama mtu aliyeingia kwa watu bila hodi. Nikasimama katikati, nikalitaja jina lake na la baba yake kwa sauti, nikasema hakufanya kitu, alisingiziwa.

Hakuna kilichotikisika. Nikasubiri kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba siku ile wazee walilisikia jina hilo kwa Kisukuma, nikalisema tena lote kwa Kisukuma, tangu mwanzo.